Kaa, Kaka, Utaletewa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea.

Hapa Chanika hatujambo. Mihogo uliyopanda nyuma ya nyumba imekomaa, mama anaichimba mwenyewe. Mie sijalia bado. Watu wananitazama usoni wakitafuta chozi, nami natafuta pamoja nao. Hakuna kitu.

Ninachorudia kichwani ni kwamba saratani ya tezi dume siyo iliyokuua. Ilikuwa imenywea, daktari mwenyewe alifurahi. Ila alikuonya kuwa zile sindano za homoni hudhoofisha mifupa: utembee, uote jua, unywe maziwa, ule dagaa, halafu urudi upimwe mifupa. Ulitusimulia huku unacheka. "Dagaa? Kwani mie paka?" Tukacheka wote. Kisha tukakuheshimu kwa namna yetu: mgonjwa hashiki jembe, hanyanyui ndoo. Ukijaribu kuinuka tu, shangazi anapaza sauti, "Kaa, kaka, utaletewa!" Ukakaa. Ukakaa mpaka asubuhi ile ulipoteleza mlangoni pa bafu, kuteleza kidogo tu, nyonga ikavunjika. Hukutoka tena kitandani.

Jana tumesoma arobaini yako. Baba mdogo Salumu alikuja, naye ameanzishiwa sindano zilezile. Wakamketisha barazani kwenye kiti chako. Alipotaka kwenda kunawa mikono, shangazi akasema, "Kaa, kaka, utaletewa!"

Maneno yaleyale, Baba.

Nikamwendea mbele ya wazee wote, nikamwambia, "Baba mdogo, inuka." Baraza zima likanigeukia. Mtoto wa kike anamwinua mzee kitini! Akanitazama sana, akainuka. Tukatembea taratibu hadi gengeni, nimemshika mkono penye mchanga. Akauliza, "Kaka alikuwaga anakula dagaa?" Nikasema hapana. Akamwambia muuzaji wa dagaa, "Nipimie kisado."

Hapo chozi likanikaribia. Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Kiti chako nimekiweka stoo. Shangazi hasemi nami, na asiseme. Wiki ijayo nampeleka baba mdogo kupimwa mifupa, na kila asubuhi tutatembea, atake asitake. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Baba. Mungu akurehemu. Na huko uliko, ukiwakuta wazee wetu wanamngoja mdogo wako, waambie atachelewa.

Mwanao,
Zuhura