Damu Ninayoipika Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Nimechemsha damu tena. Sukari, maji, kijiko cha unga wa mahindi, rangi ya keki, kakao kidogo iwe nzito. Siionji, kisukari changu hakitaki mchezo. Ile ya kuigizia ya kule televisheni inamwasha mdomo mjukuu wangu, ndiyo maana napika. Nimejaza chupa mbili za soda, zimo kwenye friji. Miaka kumi na tisa kacheza jukwaani! Mfalme, kichaa, baba mkwe. Nilikaa kiti cha mbele, wakohoaji nikawakemea. Hakuna aliyemjua hata mtaa wa pili. Sasa wiki sita tu za kunyonya watu shingo kwenye televisheni, watoto wanamkimbia! Upuuzi mtupu. Lakini sikosi hata siku moja.

Jumatano, 5 Machi
Mshonaji wa mlango wa pili kaja kuomba barafu. Kafungua friji mwenyewe — adabu hana. Kaona chupa. Kauliza ni nini. Nikamjibu ni damu, nikumiminie kikombe? Mjukuu wangu anachagua, nikamwambia, wenye mdomo mrefu ndio watamu. Kaondoka bila barafu! Nimecheka mpaka meno yangu ya bandia yakataka kunitoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemsimulia mjukuu. Kacheka. Mke wangu, kasema, ndivyo anavyomtania bibi yake, mdomo wako utaniponza. Kayatoa yale meno marefu ya kuigizia kwa mafuta ya kupikia. Gundi yake kali, wakichelewa kazini anarudi na meno mdomoni.

Jumapili, 9 Machi
Binti wa mshonaji kaanguka uani. Hospitali wamesema damu imepungua. Nimekwenda kutoa pole, mlango ukafungwa usoni pangu. Mimi! Mimi niliyempokea mtoto yule siku anazaliwa.

Jumatatu, 10 Machi
Kinyozi kaninong'oneza. Mtaa mzima unasema mjukuu wangu kamnyonya mtoto, na mimi ndiye ninayemtunzia chupa. Maneno ni yangu yale yale, ila wameyageuza — watoto ndio watamu.
Nimerudi kwa mshonaji. Nimesema kupitia dirishani kwamba ni sukari na rangi tu, njoo uonje. Kajibu: si ulisema mwenyewe ni damu?
Nimemwambia mjukuu akalale kwa rafiki yake. Hataki. Bibi, hawa wananijua tangu nina kamasi, kasema. Hata jana walinijua, nikamjibu, na hawakuniamkia.

Jumanne, 11 Machi
Asubuhi kaniaga, kasema leo watachelewa mpaka jioni, atarudi na meno yake, nimwekee mafuta. Nimeyaweka mezani.
Saa tisa. Wanaume wanane pale kona, kwenye jua, hawana kazi? Mmoja kashika nondo. Mshonaji kasimama nao. Hawasemi kitu. Bora wangepiga kelele!
Nimempigia mjukuu mara saba. Imezimwa. Wakiwa kazini huzima simu zote.
Saa kumi. Wamefika kumi na tano. Kinyozi kafunga kibanda. Nimemwomba akamngojee mjukuu barabara kubwa, amrudishe. Kasema anaumwa mguu. Mwongo! Juzi alikuwa anacheza mpira.
Naandika ili mikono ipate kazi. Kama ningempa yule mwanamke barafu yake, nikanyamaza. Kama ningenyamaza siku moja tu.
Saa kumi na moja kasoro.
Sauti yake! Si ile ya nyumbani. Ni ile ya mfalme, ya kufika viti vya nyuma. Anawasalimia mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wao. Hakuna anayeitikia. Yale meno marefu yamo mdomoni mwake, nasikia maneno yanavyomkwama.
Nimetoa chupa. Nimechukua kikombe kikubwa. Nitainywa mbele yao, yote, mpaka tone la mwisho, waone ni sukari tu, na daktari aseme atakavyo.
Mtu kapiga kelele: shika! Natoka. Kifuniko cha chupa hakifunguki, vidole vyangu hivi —