Mdomo wa Daktari

Jumatatu, 5 Machi 2001

Wagonjwa thelathini na mmoja. Koo limekauka. Kila neno linanipitia mara mbili: Kimaasai kuja Kiingereza, Kiingereza kurudi Kimaasai. Daktari Colin ametimiza miaka saba hapa Kajiado leo. Alileta keki. Akasema "asante sana, rafiki", tukapiga makofi. Hayo ndiyo maneno yake, pamoja na maji, pole pole na hakuna shida.

Nesi Agnes ameanza likizo ya uzazi. Sasa wanaojua Kiingereza hapa kliniki ni daktari na mimi tu.

Jumatano, 7 Machi

Kitengela na daktari, kuchukua dawa. Tulipitia dukani kwa Abdi, Msomali wa Garissa. Hajamaliza hata darasa la nne. Alimuuzia mzee mmoja sukari kwa Kimaasai, akamgombeza mpakiaji kwa Kiswahili, akamwita mkewe kwa Kisomali, kisha akamgeukia daktari kwa Kiingereza. Daktari alishangaa njia nzima. Anasema Waingereza hawana kipaji cha lugha za watu. Alisoma Kifaransa miaka mitano shuleni na hawezi kuagiza chai. Alisema akicheka.

Mimi sikucheka. Akijaribu Kiswahili chake, kila anayejua Kiingereza anamjibu kwa Kiingereza. Hata mimi. Nani atajifunza namna hiyo?

Ijumaa, 9 Machi

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mwaka wake wa pili daktari aliniomba nimfundishe Kimaasai, nusu saa kila asubuhi. Tulisoma siku nne. Siku ya tano nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi. Niliogopa. Akishajua, mimi nitakuwa wa nini? Wazee wananisogezea kiti kwa sababu ya mdomo huu. Hakuniomba tena.

Jumatatu, 12 Machi

Siku mbaya. Nimeshindwa kula.

Aliingia Nashipai, binti wa mwenzangu wa rika. Tulitahiriwa msimu mmoja na baba yake, kwa hiyo kwetu yeye ni binti yangu. Aliinamisha kichwa, nikakigusa, akaniita papa, yaani baba. Mambo ya ndani ya mwanamke hayatajwi kati ya watu kama sisi. Hataniambia mimi, wala mimi siwezi kumuuliza.

Akasema tumbo linamuuma. Basi. Daktari akataka nimuulize alipata hedhi lini, kama ana mimba, kama anatokwa na damu. Agnes angemaliza hayo kwa dakika moja. Mimi ulimi uligoma. Nikamuuliza kama anakula vizuri. Akasema ndiyo. Nikamwambia daktari hana mimba, hatokwi na damu.

Daktari akaonyesha kitanda alale apimwe. Binti akatingisha kichwa kukataa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Walitazamana kidogo, yeye na daktari, kila mmoja ana la kusema. Akapewa dawa ya minyoo akaenda.

Ningetoka nje. Ningemwita Mama Simaloi anayetupikia chai, amuulize, aniambie pembeni. Ningemwambia daktari kwamba hili siliwezi. Miaka saba sijawahi kumwambia kuna kitu siwezi kutafsiri. Niliona aibu, na aibu ikashinda.

Alhamisi, 15 Machi

Binti amefariki. Jana, nyumbani kwa mumewe. Damu. Jina lake siliandiki tena, kwetu jina la aliyekufa haliitwi.

Daktari anafikiri mimba ilitunga nje ya kizazi. Alikuwa ameshika kadi ya kliniki ya binti. Kisha akaniuliza, polepole, "Ulimuuliza, sivyo?"

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 17 Machi

Mke wangu anadhani nina malaria. Nimemwacha adhani.

Jumanne, 20 Machi

Daktari anataka kwenda kumpa pole mama wa binti. Hataki nimsemee. Anataka aseme kwa Kimaasai, yeye mwenyewe. Tulianza saa mbili asubuhi. Sentensi tatu: kwamba ana huzuni, kwamba alimtibu vibaya, kwamba anaomba msamaha. Ilipofika saa nne alikuwa amezishika zote. Anazitamka vizuri kuliko watoto wangu waliosomea Nairobi.

Masaa mawili. Kumbe ulimi wa Mwingereza haukuwa na ubaya wowote. Ningempa hizo nusu saa za asubuhi, mwaka mmoja tu, angemuuliza yule binti mwenyewe, mimi nikiwa nje. Najichukia. Sioni pa kwenda na jambo hili.

Jumatano, 21 Machi

Tulienda. Mama alikuwa ameketi mlangoni na wanawake wawili. Daktari alichuchumaa mbele yake akasema sentensi zake tatu bila kukosea hata moja. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Alielewa yote.

Halafu akajibu, lakini alinitazama mimi. Hakupaza sauti.

"Mtoto alitokwa na damu siku sita. Alikuja kwenu aseme. Akakukuta wewe umesimama pale, baba yake. Kwa nini hukutoka?"

Wale wanawake walitazama chini. Daktari hakuelewa hata neno. Akanigeukia kama anavyonigeukia siku zote, akangoja.

Nikamwambia, "Mama anashukuru kwamba umekuja."

Macho ya daktari yakajaa machozi. Akamshukuru mama kwa Kimaasai, neno nililomfundisha zile siku nne. Mama akaagiza tuletewe chai, tukanywa.

Tulirudi kliniki mchana. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi. Nilinawa mikono, nikaita wa kwanza.