Ujumbe Aliopewa Hama

Halabja

Kaka yangu Rebwar,

Wewe, wifi na watoto hamjambo huko kwenye baridi? Mimi nipo. Nakohoa, nachemsha chai, nakohoa tena. Ningepiga simu, lakini ungesikia kikohozi tu. Mapafu yamechoka, kaka, na mwenyewe nimechoka nayo. Daktari anasema nisipange mambo ya mbali.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kumbe ndiyo maana hujakanyaga nyumbani tangu vita! Unasema wewe ndiye uliyewaua Baba na Mama, kwa kuwa ulimtuma rafiki yako Hama kutoka milimani, mlikokuwa mkipigana, aje atuambie kwamba ndege zikija tushuke chumba cha chini, tusitoke. Hukujua kwamba safari hii zingeleta gesi ya sumu, wala kwamba gesi ile ni nzito, hutuama chini. Nani alijua? Mji mzima ulishuka. Tulizoea mabomu, na bomu unalikimbia kwa kushuka. Mimi nilikuwa ngazi ya juu, karibu na mlango, ndiyo maana ni mzima, kama huu ni uzima.

Lakini kaka, ujumbe gani? Hama hakufika kwetu.

Juzi nilijikokota hadi dukani kwake. Siku hizi anauza mbegu za alizeti, tumbo mbele. Nilipomuuliza, alifunga duka mchana kweupe. Akasema mvua ilimkwamisha kijijini kwa mchumba wake, na alipofika mjini watu walikuwa wamekwisha. Ulipomuuliza kama alituona, alikuhurumia, akakudanganya kwamba Mama alipokea salamu zako akacheka, akasema ule vizuri. Eti alikuwa anakufariji! Nikamwambia, we mzee, faraja yako imemla ndugu yangu miaka yote hii. Akalia kama mtoto, nami nikakosa hata nguvu ya kumtukana.

Kwa hiyo hukuua mtu, Rebwar. Tulishuka kwa sababu Baba alitushusha, kama alivyotushusha tangu vita vianze.

Nami nikwambie langu, lisinifie moyoni. Miaka yote nimekuwa na kinyongo nawe. Mama alikata roho akiuliza habari zako, nawe hukuwa umetuma hata neno, nikajua umetusahau. Kumbe ulituma.

Njoo, kaka. Njoo nikuone ningali naona.

Wabusu watoto, na wifi mwambie shali yake naivaa kila siku.

Ni mimi dadako,
Kwestan