Niliwasimulia Wageni Hadithi ya Baridi Mwezi wa Julai

Mama Mdogo mpendwa wa gazeti letu, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni wa ukoo wa Maji Machungu, kwa baba ni Nyumba Ndefu, nina miaka ishirini na sita na ninaongoza wageni katika hifadhi yetu ya mawe mekundu, ambamo bibi yangu mzaa mama ana nyumba yake, kondoo wake na mtambo wake wa kufumia mazulia.

Mwezi huu alikuja Kendra, niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, pamoja na wenzake watano, na mimi nilikuwa nimempelekea maelekezo wiki tatu kabla, kila mtu galoni mbili za maji, viatu vya kufunika vidole, droni hapana, kupanda mawe hapana, msimpige mtu picha kabla hajakubali, msifuate ramani ya simu, na saa zetu wakati wa joto ziko mbele ya zile za mji wa Flagstaff kwa saa moja, lakini walifika wamechelewa saa nzima, wana chupa sita ndogo za maji kwa watu sita, mmoja amevaa ndala, na nilipouliza, Kendra akacheka, "Lindy, tulia bwana, tuko likizo!" kisha wakaliacha gari langu likitangulia, wakakata kona kufuata simu, na gari lao likazama mchangani hadi kwenye ekseli.

Tukamngoja mjomba aje na pikapu kuwavuta, jua linachoma, nimeshawagawia maji yangu yote, mwenye ndala anaanza kupanda jiwe, mwingine anatoa droni, nami badala ya kusema hapana kama mtu mzima nikasema, "Njooni kivulini niwasimulie kitu," na Mama Mdogo, niliwasimulia moja ya hadithi za baridi, zile zisizosimuliwa mpaka nyoka walale na radi zikome, ya yule mnyama ambaye jina lake siliandiki kwa kuwa bado ni Julai, joto la huku kwetu, na nyoka wako nje, nikaisimulia mpaka mwisho, wakatulia kama watoto, na niliona fahari, hilo ndilo linalonitafuna, niliona fahari.

Tulipofika kwa Bibi, Kendra akamwambia, "Bibi, ile hadithi ya Lindy ni tamu mno! Tuongezee nyingine!" na mjomba akatafsiri kabla sijamkanyaga mguu.

Bibi akaweka chini kitana chake cha kufumia. "Ameisimulia lini?"

"Leo, kule mchangani," mjomba akasema, sauti imeshaanza kupungua.

Bibi akaniangalia. "Na yale mawingu ya radi uliyaona?"

Akaingia ndani, akafunga mlango, wageni wakabaki wananiuliza kama amechoka.

Leo ni siku ya kumi na moja. Anakula ninachopika, ananijibu habari za kondoo, basi. Juzi alimwambia mjomba nikiwa nasikia, "Baridi hii huyu simsimulii. Nitaangalia mwingine." Ana miaka themanini na mmoja, kila baridi alikuwa akiniongezea na hatujamaliza, na la kuchekesha, kama lipo, ni kwamba tasnifu yangu chuoni ilihusu kwa nini hadithi hizi hungoja baridi, na nilifaulu vizuri sana. Sasa Kendra anarudi Jumamosi na kamera, anataka kumrekodi Bibi, na nikisitasita anaona mimi ndiye kizuizi. Nimwambie Bibi nilikuwa nawaokoa wageni na jua? Nitamkataliaje Kendra, aliyekaa nami hospitali wiki nzima mama alipougua? Nifanye nini?

Lindy, upande wa kaskazini wa bonde

*

Lindy mwanangu,

Pole. Nilipoanza kusoma niliwakasirikia wageni wako, nilipomaliza nikakukasirikia wewe.

Watu sita, chupa sita! Julai! Hao ulipaswa kuwageuza pale pale walipofika, warudi kituo cha mafuta wakanunue maji na viatu, wanune wakipenda. Ulinyamaza mara moja, basi ukawa unanyamaza siku nzima. Na usiniambie uliwaokoa na jua. Kivuli kilitosha.

Kendra hakujua kuwa kuna mambo hayasimuliwi mwezi huu. Katika yale maelekezo yako marefu hukumwandikia hilo. Wewe unajua, tena una cheti.

Mpigie leo. Simu, si ujumbe. Mwambie kamera hapana, kwa Bibi hapana, na kosa la hadithi ni lako. Akitaka kuja Jumamosi, aje na maji tele, viatu vyake, abaki nyuma ya gari lako, na akiambiwa hapana asikie mara ya kwanza. Akikuambia tulia, waongoza wageni wapo wengi, amtafute mwingine. Lakini aliyekaa hospitali wiki nzima atanuna kidogo, kisha atauliza avae viatu gani.

Halafu nenda kwa Bibi, asubuhi, kabla hajatoa kondoo zizini. Sema kwa lugha yetu, hata ukikwama katikati. Sema ulisimulia, ukafika mwisho, ukaona fahari. Hilo la fahari umeniandikia mimi nisiyekujua, na yeye hajalisikia. Tasnifu usiitaje. Hadithi za baridi ijayo usiziombe, maana akiona toba yako inanyoosha mkono, atakufungia mlango tena. Muulize tu kama kuna la kufanywa, na akimtaja mzee wa kukuombea, washa gari siku hiyo hiyo. Huenda bado akamsimulia mwingine. Ni zake, atampa amtakaye, na wewe utamkatia kuni vilevile.

Na usimtume mjomba akuulizie kama bado amekasirika. Amekasirika. Nenda.