Ngozi ya Bihogo

Walikale, siku ya Mungu, kisha misa

Dada yangu mukubwa, Mama Bauma,

Nakusalimia kwa jina la Yesu. Afya yako inaendelea namna gani? Yale maumivu ya mugongo yalipunguka ao bado yanakuamsha? Na mama yetu mukongwe anakula? Anaendelea kusema kama mboga yenu ya sombe haina chumvi? Miye huku niko na uzima, Mungu asifiwe, hata kama malaria ilinipiga kidogo na mvua haituachie nafasi ya kupasua mbao. Tunashinda porini tunaangalia maji tu. Simu ya mwalimu tuliyokuwa tunakupatia nayo haipiti tena, njo maana nimeshika kalamu. Barua hii inakuja na mama mumoja wa kanisa letu anayeuza mawese, atapita njia ya Nyabiondo kama iko wazi.

Sasa Dada, kaa chini kwanza. Bauma mutoto wako iko muzima. Soma hayo mbele ya mengine yote. Iko muzima, anakula, anacheka. Lakini iko hospitali, na kuna neno anangojea kutoka kwako.

Wacha nianze pa kuanzia. Unajua vile alinifikia, kisha masasi ya bunduki kumuondolea muguu wa kuume. Walikata chini ya goti, goti likabaki. Alikuwa anakaa mulangoni na mikongojo yake, anaangalia wengine wakipita. Siku moja akaona chukudu, ile ya mbao na magurudumu mawili niliyotengeneza kwa kupeleka mbao sokoni. Akaweka juu yake lile goti la muguu uliokatwa, akasukuma na muguu muzima. Dada, alienda! Niliacha musumeno nikabaki naangalia. Juu ya chukudu kila muntu anapiga goti moja na kusukuma na muguu mumoja. Pale mutoto wetu hakosi kitu. Akaanza kubebea wamama mihogo na mabidoni ya mafuta, kisha akaanza kushindana na vijana kwenye kimulima cha kanisa. Jioni moja akaniambia, "Mujomba, siku kuu ya parokia watafanya mashindano ya chukudu. Na miye nitaingia."

Sasa nifike kwa rafiki yake. Nakuomba usitupe barua. Ni Papa Rukundo, yule mwenye ngombe wa kilima cha juu yetu, yule ambaye ngombe zake zilikula maharagi yako, mukagombana mpaka kwa chefu. Vita ilimufukuza na yeye. Ngombe zote ziliisha. Iko huku kwenye pori, mahali hakuna malisho, anachoma makaa. Kitu alichookoa ni ngozi moja tu, anailalia. Huyo mzee alimuona Bauma anapandisha kimulima, akaanza kukimbia nyuma yake kila asubui na fimbo mukononi, anapiga miluzi, anaita kwa sauti: "Panda, Bihogo! Usiangalie nyuma, Bihogo!"

Bihogo ni jina la ngombe. Soko lote lilicheka. Mimi nilitoka na hasira.

"Papa Rukundo, uko unaita mutoto yetu ngombe? Maharagi haikukutosha?"

"Faustini, usikasirike. Bihogo ilikuwa ngombe yangu nyekundu, njo ilikuwaka inafika juu ya kilima mbele ya zingine zote. Kwetu ukipatia muntu jina ya ngombe, umemupenda kabisa. Hata muke yangu nilimuitaka vile."

"Na yeye alisemaka nini?"

"Alisema napenda ngombe kumupita yeye. Na hakusema uongo."

Bauma alikuwa anacheka juu ya chukudu yake. "Mujomba, muache. Hapa sokoni wananiita Muguu Moja. Huyu mwenye kuniita ngombe ananiongezea. Ngombe iko na miguu ine."

Halafu mzee akamugeukia pole pole: "Mutoto yangu, nikwambie na ya mwisho. Bihogo njo ile ilikula maharagi ya mama yako."

Dada, tulicheka mpaka tukashikana mabega. Sikuwa nimecheka vile tangu nitoke kwetu Masisi. Tangu siku ile mzee alikuwa anakula kwetu, na mutoto alikuwa anamuita Papa.

Goti lilikuwa linamuuma juu ya mbao. Basi Papa Rukundo akakata kipande cha ile ngozi anayolalia, ngozi ya Bihogo yenyewe, akakikunja, akakipigilia misumari juu ya chukudu mahali pa goti. Mimi mwenyewe nilishika nyundo. Na pale njo huzuni yangu inaanzia, kwa sababu ilikuwa zawadi nzuri, na ilitufunga macho.

Mvua ilinyesha, ngozi ikalowana, ikaanza kunuka. Sisi ni watu wa jembe, ya ngozi tunajua nini? Harufu ilipoongezeka ndani ya nyumba, mahali chukudu ilikuwa inalala, nilisema, ni ngozi. Papa Rukundo naye alisema, "Ngozi ikinyeshewa inanuka. Ikikauka itaacha." Tukauliza Bauma, akasema, "Ndiyo, ni ngozi." Yeye peke yake alijua. Alikuwa amefunga goti na kitambaa, anavaa suruali ndefu, anaoga kungali giza, mbele ya watu kuamka. Aliogopa tumunyime siku kuu.

Ile siku ilifika na matope. Washindani walitoka pale kwenye muto Lowa wakielekea kanisa. Wale wa miguu mbili walikuwa wanateleza, wanaanguka, wanatukanana. Bauma alipanda kimulima kama muntu anayeenda kwa baba yake. Alikuwa wa pili, Dada. Wa pili kati ya vijana wazima wote! Padri mwenyewe alipiga makofi. Papa Rukundo hakuwa na sauti tena, alikuwa anatikisa fimbo tu. Niliimba, nililia, nilisema ningekupatia macho yangu uone.

Watu walitaka kumubeba. Akakataa. Nilipokaribia akasema chini chini, "Mujomba, leta maji. Unimwagie kwenye goti." Kitambaa na goti vilikuwa vimeshikana na ngozi. Nilimwaga maji, ikapanda ile harufu, na pale nikajua haikuwa ya ngozi. Mzee alitoa kofia yake, akaishika kifuani kama wakati wa maziko.

Munganga wa hospitali anasema mufupa umeharibika kwenye ncha, pale walipokata kwanza, na ubaya unapanda. Wanamupatia dawa, homa imeshuka, lakini anataka kukata juu ya goti. Inaweza kungoja kidogo, haiwezi kungoja sana. Bauma aliniuliza, "Bila goti, nitapanda chukudu na nini?" Nikamwambia Mungu anasikia hata muntu asiyepiga goti. Akasema, "Mungu ndiyo, Mujomba. Chukudu haisikie."

Amekataa mpaka wewe useme. "Mama njo alinizaa na hili goti. Yeye akisema likatwe, likatwe."

Na Papa Rukundo anakaa inje chini ya dirisha, mvua inamukuta pale. Alingoa ile ngozi, ameikunja pembeni, hailalie tena. Bauma anamuita, "Papa, ingia basi!" Hataki. Ananiambia, "Kwanza maharagi yake, sasa mutoto wake. Siingie mpaka huyo mama aniruhusu."

Dada, ukiniuliza mimi, wakate. Ninaomba kila asubui Mungu aninyamazishie hii roho inayosema, ungefunua tu kile kitambaa. Lakini mutoto anakungojea wewe, si mimi.

Unisalimie mama yetu mukongwe, umwambie sijaacha rozari aliyonipatia. Salimia muke wangu na watoto. Mbao zikitoka nitafika. Salimia mukatekista, atutaje kwenye misa. Salimia na jirani yetu mwenye kisima, nimeota maji yake baridi.

Yule mama wa mawese atalala kwenu kidogo kisha atarudi huku. Mupatie jibu mukononi, la goti na la mzee. Utujibu upesi, Dada.

Mudogo wako,
Faustini