Makaroni ya Mchele Siku ya Pentekoste

Kamenge, Bujumbura
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpendwa,

Amani ya Bwana ikukute umeketi vizuri, magoti yamekupa nafuu na kikohozi cha masika kimekuacha. Yule mama muuza samaki aliyefika hapa kwa meli kutoka Kalemie alinipa salamu zako pamoja na mfuko wa karanga. Akaniambia pia kwamba umekonda kwa mawazo kwa sababu siandiki. Nisamehe, Mama. Tangu Pasaka kalamu ilikuwa nzito mkononi mwangu, na leo nitakueleza kwa nini.

Kaka Filipo, wewe ndiye unayemsomea. Soma pole pole, na penye maneno mabaya usiruke. Yanamhusu Mama mwenyewe, na mwisho wake ni mzuri.

Sisi sote wazima. Baba Imakulata bado ni karani bandarini, nami nashona nguo za watu hapa nyumbani. Na mjukuu wako ana mashavu. Filipo, rudia hapo: Imakulata ana mashavu.

Unakumbuka, Mama, tulipokimbia kutoka Kindu mwaka ule wa fujo alikuwa mtoto mnene wa miaka mitatu, anakula bugali ya muhogo na sombe ya majani yake, analia ukimwondolea sahani. Tulipofika huku, mji mliozoea kuuita Usumbura, mambo yakageuka. Baba yake alipopata kazi alileta mkate kila asubuhi. Alisema mtoto wa karani hanywi uji. Na kila Jumapili tulikwenda kula kwa dada yake, wifi yangu Sesilia, anayekaa hapa hapa Kamenge. Huyu zamani alikuwa mpishi wa masista, na sifa yake katika mtaa ni makaroni yenye jibini, ile ambayo hapa wanaiita fromaji. Watu wanaweza kuacha ngoma wakimbilie sahani ya Sesilia.

Basi mtoto akaanza kwisha. Tumbo likavimba, miguu ikawa vijiti, kuharisha hakuishi. Alikuwa anakaa mlangoni amenuna, wenzake wanaruka kamba na yeye anatazama tu. Tulimpa dawa za minyoo mpaka nikawahurumia minyoo wenyewe kama walikuwamo. Hawakuwamo.

Mwishoni tulimpata daktari mmoja, Mzungu mzee anayesema Kiswahili kama mtu wa Bukavu. Yeye hakukimbilia sindano. Aliniketisha akaniuliza mtoto anakula nini tangu asubuhi mpaka jioni, na kule kwetu alikuwa anakula nini. Nilipomwambia kwamba Kindu hakujua mkate, aliweka kalamu chini.

"Mutoto huyu hana minyoo," akasema. "Ngano ndiyo inamukataa."

Alinieleza kwamba ndani ya ngano mna kitu kinachonata, ndicho kinachofanya donge la mkate livutike bila kukatika, na watoto wachache wakikila kinawaharibu utumbo. Akasema nimwondolee mkate, mandazi, biskuti na makaroni, si kwa wiki moja, kwa maisha yake yote. Tukarudi kwenye wali, ndizi, viazi, maharage na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Haikupita miezi miwili tumbo likashuka. Siku moja nikamwona ameshika kamba.

Lakini wifi yangu hakukubali. Mbele ya wageni alisema, "Mukate hata Yesu aliubariki. Mutoto wa wapi anauawa na mukate?" Kwake ilikuwa kama nimesema chakula chake ni sumu. Na ujue, Mama, Sesilia hakujaliwa mtoto. Imakulata ndiye mtoto wake pia, na kumwona Jumapili ameketi mezani na kiazi chake wakati wote wanakula makaroni, kilimuuma. Siku ya Pasaka nilitoka uani kuosha vyombo, naye akampa sahani kwa siri. Sahani nzima, maana mtoto alikuwa na hamu nayo miezi yote ile.

Kabla hatujafika nyumbani alikuwa anatapika. Kesho yake asubuhi macho yalikuwa yamezama, tukambeba mbio hospitali, wakamtundikia maji kwa siku tatu. Sesilia alilia kwenye korido kuliko mimi. Nilidhani sasa amesadiki. Kumbe mtu akishindwa kubeba kosa lake hutafuta wa kumtwika. Siku ya nne akamwambia mume wangu kwamba sahani moja ya makaroni haiwezi kumlaza mtoto vile, kwamba kuna mkono wa mtu. Na mkono huo, akasema, ni wa kwako wewe, Mama. Kwamba ulikataa ndoa yetu mwanzoni, kwamba siku ya harusi hukula, na sasa umemfunga mtoto.

Ndiyo sababu sikuandika. Ningeandika nini? Ningekuuliza?

Kilichonivunja zaidi ni mume wangu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Halafu nikaona juu ya kabati barua aliyoanza kumwandikia baba yake mdogo kule Kasongo, kwamba atampeleka mtoto kwake akatazamwe na mganga. Nilisimama na barua ile mkononi nikaona jinsi mambo yatakavyokuwa: mtoto wangu yuko Kasongo, wanampa dawa za mizizi, na kifungua kinywa wanampa mandazi.

Sikupiga kelele, Mama. Alipotoka kazini nilimpa maji ya kunywa, nikampa barua yake, nikamwambia, "Dada yako anasema ni uchawi, daktari anasema ni ngano. Tuyapime. Siku ya Pentekoste nitapika makaroni hapa nyumbani. Jibini ile ile, maziwa yale yale, sahani zile zile. Ngano tu ndiyo haitakuwamo. Mtoto atakula ashibe mbele yenu wote. Akiugua, mpeleke Kasongo. Asipougua, jina la mama yangu lisitajwe tena katika nyumba hii."

Akasema, "Sawa." Barua akairudisha juu ya kabati.

Nilikuwa nimesema neno kubwa, na sikujua makaroni yanatengenezwaje. Madukani ni ya ngano tu. Nikanunua mchele wa Buterere. Sikuupeleka mashineni, kwa sababu mashine ile inasaga na ngano ya watu wa milimani. Nikautwanga mwenyewe kwenye kinu changu, nikauchekecha kwa kitambaa cha shela kilichobaki kwa bibi harusi mmoja niliyemshonea. Unga ukawa mweupe, laini. Nikaukanda kwa maji, nikakata vipande vyembamba, nikavitia chunguni. Nilipofunua kifuniko, Mama, palikuwa na uji. Imakulata aliunywa na sukari akaniambia ni mtamu, asinihuzunishe.

Mara ya pili nikatia mayai. Donge likapasuka chini ya mkono kama udongo wa kiangazi, na yale yaliyofika chunguni yakawa magumu, ungeweza kuyatupia kunguru. Hapo nilielewa maneno ya daktari. Kile kinachovutika, kinachoshika unga usiachane, ndicho kile kile kinachomuua mwanangu. Nami nilikuwa nataka donge lishike bila cha kushikia. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kidogo. Zilibaki siku tisa.

Siku iliyofuata nilikuwa natia wanga mashati ya mume wangu. Unajua makarani wa hapa, kola isiposimama kama ubao mtu haendi kazini. Wanga wetu tunautengeneza kwa muhogo: unauchuja, unaukausha, halafu unaumwagia maji yanayochemka mpaka unakuwa utando unaovutika. Nilikuwa nakoroga, nikaona jinsi unavyoning'inia kwenye mwiko bila kukatika. Nikauacha mwiko ndani ya sufuria. Hiki hapa kinanata, na hakina ngano. Na bugali yako, Mama, uliyotufundisha, si hivyo hivyo? Maji ya vuguvugu hayajengi bugali. Ni maji ya moto ndiyo yanaufanya unga ushikane.

Nikachanganya sehemu mbili za unga wa mchele na moja ya wanga wa muhogo, nikaumwagia maji yanayochemka huku nakoroga kwa nguvu. Ulipopoa kiasi cha kuvumilika mkononi nikatia mayai mawili na chumvi, nikakanda mpaka donge likawa kama ndewe ya sikio. Nikalisukuma kwa chupa juu ya meza, nikakata mikanda myembamba, nikaitandaza kivulini juu ya kitambaa. Nikachemsha maji mengi kwenye sufuria pana, nikaitia kidogo kidogo, sikuikoroga. Ikazama. Nikasubiri. Ikapanda juu mmoja mmoja, mizima, inang'aa. Nikamwita Imakulata, tukasimama juu ya sufuria tunaitazama kama watu walioona meli inaingia.

Siku ya Pentekoste, jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, wifi yangu alikuja. Aliketi na mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kutoa pole. Maziwa nilikuwa nimeyapasha juu ya jiko la mbabula kwa makaa machache, nikayafanya mazito kwa kijiko cha wanga niliouyeyusha kwanza katika maji baridi, halafu nikatia jibini niliyoikuna kwenye bati lililotobolewa kwa misumari. Ile jibini niliinunua duka lile lile analonunua Sesilia. Nikamimina juu ya makaroni, nikafunika, nikaweka makaa juu ya kifuniko mpaka pakawa pekundu kidogo. Harufu ilijaza nyumba. Nilileta sufuria mezani mbele yao.

Imakulata aliitazama sahani, akanitazama. "Na mimi?" akauliza.

"Na wewe," nikamwambia.

Alikula, Mama. Alikula akiinamisha kichwa kama mtu anayesali, akaomba tena, nikampa tena. Mume wangu hakushika uma wake mpaka mtoto alipomaliza. Sesilia alionja kidogo, akaonja tena, uso ukabadilika.

"We umetudanganya," akasema. "Hii ni makaroni ya duka. Mi nimepika hii miaka kumi, siwezi kupotea."

Nilimshika mkono nikampeleka uani, nikamwonyesha kinu, kitambaa cha shela, unga uliobaki, bakuli la wanga. Alitia kidole kwenye unga akaramba. Tuliporudi mezani alimaliza sahani yake, akachukua na ya pili, lakini aliondoka bila kuniaga.

Halafu tukangoja. Jumatatu asubuhi niliamka kabla ya wote nikaenda kumgusa tumbo. Lilikuwa laini. Jumanne nikatazama, hakuna kitu. Jumatano nilikuwa chereheni nikasikia watoto wanahesabu nje, kamba inapiga chini, na sauti ya Imakulata juu ya zote: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Nikainua macho, nikamwona wifi yangu amesimama kando ya njia na mkoba wake. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Aliingia akaketi, akatazama mikono yake.

"Ni mimi nilimupa," akasema. "Siku ya Pasaka. Mukono ulikuwa wangu, nikausema ni wa mama yako."

Nilitaka kumwambia maneno mengi, Mama, nilikuwa nimeyapanga tangu Pasaka. Yote yalipotea. Nikamwambia nilijua alimpa kwa kumpenda. Ndipo akalia kwa kweli, si kama kule hospitali. Akaniomba nikuandikie haya yote, nisimfichie hata moja, na niseme kwamba anakuomba msamaha kwa kinywa chake mwenyewe. Basi nimeandika.

Jioni ile mume wangu alichukua barua ya Kasongo juu ya kabati, akaikunja, akawashia nayo mbabula. Halafu akaniuliza kama mchele umebaki.

Sasa kila Jumapili ni hapa kwetu. Daktari nilimpelekea bakuli limefunikwa kwa sahani, akala akiwa amesimama. Aliniambia kuna mama wa Kirundi, anakaa Kigobe, ana mtoto kama wangu, amechoka kulia. Nilikwenda. Nilimpikia jikoni kwake, tukaelewana kwa Kiswahili kidogo na Kirundi changu cha sokoni. Mtoto wake anakula. Wamekuja wengine wawili tangu hapo.

Nisalimie Filipo mwenyewe anayesoma, na mke wake aliyenifundisha kushona. Nisalimie babu yetu mlinzi wa misheni, mwambie Imakulata anajua kuhesabu mpaka mia. Nisalimie shangazi mfinyanzi, na mjomba wa reli akirudi safarini, na mama Prisila jirani, yule aliyekushika mkono siku tuliyoondoka. Baba Imakulata anakuamkia kwa heshima zote. Amesema atakuandikia mwenyewe, na safari hii nitasimama nyuma yake mpaka aandike.

Ni mimi binti yako akupendaye, Veronika. Naishia hapa kwa sababu wifi yangu ananiita kutoka jikoni: maji yamechemka, na unga wa leo ameutwanga yeye.