Gome la Mparachichi

Jumatatu, 3 Juni 1974
Daftari la rangi limerudi kutoka Mbeya kwa basi, limefungwa ndani ya kanga kuukuu. Sasa zamu ya darasa letu hapa Iringa kujaribu rangi za miti. Sheria zilezile: shona kipande cha kitambaa ulichotia rangi, andika mti, andika aliyekufundisha, usichune gome kuzunguka mti, utakufa. Nimechemsha gome la mparachichi mchana kutwa. Imetoka rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Akina mama wa Mbeya wameleta manjano inayong'aa. Sisi tupeleke hii?

Jumanne, 4 Juni
Nimetia wino mwekundu wa Mwalimu Sanga kwenye sufuria ya gome. Kifuniko kimoja. Kisha kingine. Nikaandika: gome tupu. Aliyenifundisha: nimegundua mwenyewe.
Leah wa dawati langu kaona. "We mtaalamu, gome gani hilo linaloingia mpaka kwenye kucha?"
Nikacheka. Mikono mfukoni hadi jioni.

Jumatatu, 10 Juni
Mwalimu kanisifu mbele ya darasa. Kanipa nitafsiri daftari zima kwa Kiingereza, wataalamu wa nguo kutoka nje walisome. Ukurasa wangu pia. Uongo kwa lugha mbili. Kesho daftari linarudi Mbeya.

Jumamosi, 29 Juni
Barua ya Mama Atupele, kiongozi wa kikundi cha Mbeya. Nimeambiwa niisome kwa sauti darasani. Nyekundu haitoki. Kaongeza gome mara tatu. Anadhani mikono yake ndiyo mizito. Mwishowe kachuna kuzunguka mti. Mparachichi wake wa pekee, wajukuu hula matunda yake. Majani yananyauka.
Anaomba radhi. Yeye.
Nikamsukumia Leah barua. Leah akamalizia.

Jumapili, 30 Juni
Sikwenda kanisani. Mwoga mimi. Nimeandika barua mbili, ile ya kujitetea nikaichana. Iliyobaki mistari mitatu. Ule ni wino. Mikono yako haina kosa. Mti unakufa kwa sababu yangu.
Nimempa Mwalimu aitume. Kasoma, kavua miwani, hakunitazama. Heri angenichapa.

Alhamisi, 18 Julai
Daftari limerudi. Kanga ileile. Mwalimu kaliweka mezani kwangu, akatoka.
Ukurasa wangu haukuchanwa. Chini ya kitambaa changu chekundu Mama Atupele kashona chake, rangi ileile ya maji ya nyama. Kaandika: mti umekauka, gome lililobaki tumelitumia lote, rangi hii yafaa shuka la mtoto mchanga. Ndaga, asante, mwanangu, kwa kusema.
Mstari wa aliyemfundisha kaujaza. Jina langu, kamili.
Nimetafsiri upya ukurasa wote. Wino nao nimeutaja. Nilipofika kwenye jina, nikalinakili hivyohivyo.